Gari la lego la kuendesha kwa mbali: la simu, la rimoti ya Kichina, au kuukuu la kufufua?

"Shem, niko mbele ya rafu hapa. Kuna maboksi mawili ya magari ya lego, yale ya kujenga halafu yanatembea. Moja limechorwa simu, jingine lina rimoti yake humo humo na bei yake nusu. Nibebe lipi? Jibu upesi, ndege yangu alfajiri."

Ujumbe wa sauti, kutoka Dubai, saa nne usiku. Shemeji huyu ni mke wa mdogo wangu, na mwanawe wa miaka tisa ameshafungua skrubu za kila kitu chenye magurudumu pale nyumbani kwao. Nikamwuliza, "Hilo la rimoti linatumia betri gani?" Akasonya. Yeye anataka jina la gari, mimi namletea maswali ya fundi.

Lakini swali la betri ndilo swali lenyewe. Watu wengi wanachagua kwa picha ya juu ya boksi: hili Porsche, lile tingatinga la Cat, basi hilo la njano. Mimi naangalia kile kisanduku kinachokaa tumboni mwa gari, kinachobeba betri na kupokea amri. Vitofali vyenyewe havina shida. Lego walisajili hataza ya tofali lao huko Denmark tarehe 28 Januari 1958, na tofali la mwaka huo bado linabana na la leo. Kinachozeeka, kinachogoma, kinachobadilishwa plagi kila baada ya miaka kadhaa na kukuacha na mota zisizoingia popote, ni umeme. Ukinunua gari la namna hii unanunua ubongo na moyo. Mwili unaweza kuujenga upya hata mara kumi.

Kwa mwenye pesa yake mkononi leo, njia ni tatu. Ya kwanza ni Lego Technic, zile za gia na mota, mpya za kizazi kinachoitwa Control+, unaendesha kwa simu. Ya pili ni Wachina, hasa CaDA na Mould King, wenye rimoti ya vijiti. Ya tatu ni kutafuta Lego kuukuu za mfumo wa Power Functions, zile za tangu 2007, kisha kuzifufua. Nimezichokonoa zote tatu, na kila moja imewahi kunitia hasara kwa namna yake.

La simu

Control+ ilikuja 2019. Gari lililoufanya mfumo huu ujulikane kwa watu wa vilima ni 42099 (ndiyo namba ya boksi, kama zote zitakazofuata), lile la 4x4 la rangi ya chungwa, vipande 958. Ndani lina mota tatu: XL mbili, zile kubwa, za kusukuma, na L moja, ndogo yake, ya kukata kona. Boksi lake la betri lina matundu manne ya mota na linakula betri sita za AA. Lilipotoka bei yake Marekani ilikuwa dola 249.99, na hapo hujaweka usafiri wala faida ya muuzaji wa huku. Kwa mfuko mdogo yapo mengine: bagi ya 42124 yenye vipande 374, au 42140 ya mwaka 2022, lile la minyororo lenye sura mbili ambalo likipanda ukuta linajigeuza chali na kuendelea kutembea kwa mgongo. Hilo la mwisho nalipenda kwa watoto kwa sababu halina namna ya kupinduka. Kupinduka ndiko kutembea kwake.

Uzuri mkubwa wa mfumo huu haumo kwenye tangazo. Mota zake za L na XL zinajua zimezunguka kiasi gani. Ukiwasha, gari linapeleka usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, kisha lenyewe linatafuta katikati. Aliyewahi kuendesha kigari cha rimoti kinachovuta upande mmoja kama mkokoteni wenye tairi bovu ataelewa raha ya jambo hilo.

Ubaya unauona pia siku ya kwanza. Ndani ya boksi hamna rimoti. Unapakua programu, unaunganisha kwa bluetooth, halafu unaendesha kwa kupapasa kioo. Kioo hakina kingo. Kidole gumba kinateleza nje ya alama bila wewe kuhisi, na gari linasimama katikati ya kilima. Mtoto anabaki kuangalia simu badala ya kuangalia gari. Tena ni simu ya nani? Nyumba nyingi ninazozijua, simu yenye uwezo ni ya mama au baba, na inatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Gari linabaki juu ya kabati hadi jioni, na jioni simu imebakiza chaji asilimia nane.

Porsche GT4 e-Performance ya 2024, namba 42176, imekuja na betri ya kuchaji ndani kwa ndani, waya wake ni huu huu wa Type-C wa simu. Kwa anayeishi mbali na duka la betri nzuri hiyo ni nafuu kubwa. Ila ni gari la lami. Sakafu ya sebuleni sawa. Uwanja wa mchanga, hapana.

Na kuhusu hizo betri nzuri, ngoja nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapolaumu gari bure. Betri za bei poa zilizojaa maduka ya mtaani, zile za saa ya ukutani na rimoti ya runinga, ni za kaboni na zinki. Saa inaomba umeme wa kunyonyea kwa mrija. Mota mbili za XL zinapopanda zinaomba ndoo. Betri sita za kaboni zinaandikwa volti 1.5 kila moja, jumla 9, lakini gari likianza kupanda volti zinaporomoka, boksi linazima, mtoto analia, mzazi anasema kampuni wezi. Weka alkalaini, gari ni lile lile na linapanda. Bora zaidi tafuta za kuchaji za NiMH. Jumla yake kwenye karatasi ni volti 7.2 tu, spidi inapungua kidogo, lakini zikibebeshwa mzigo hazilegei. Chaja na betri nane za namna hiyo zinajilipa mapema kama gari linachezewa kweli.

La Kichina

Kwanza tuondoe neno "feki" mezani. Hataza za tofali ziliisha zamani. Lego walijaribu kulilinda umbo lenyewe kama alama ya biashara wakashindwa: Mahakama ya Juu ya Kanada iliwakatalia 2005, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikawakatalia Septemba 2010. Tofali linalobana na la Lego si wizi. Wizi ni kunakili boksi, nembo, au gari ambalo mtu mwingine ameketi miezi akilibuni. Yapo maboksi ya hivyo sokoni, na ukiona picha ni ya Lego tupu ila jina limebadilishwa herufi mbili, liache hapo hapo.

Sasa turudi kwa CaDA na Mould King. Rimoti yao ina vijiti vya kusukuma, inatumia redio ya 2.4 GHz, na betri ni ya lithiamu ya kuchaji kwa USB. Fungua, jenga, chaji, endesha. Modeli nyingi zinakubali na simu pia, kwa anayetaka. Bei mara nyingi ni nusu ya Lego ya ukubwa huo, au chini ya nusu.

Unalipia wapi hiyo nusu iliyopungua? Si kwenye vitofali. Miaka ya nyuma vilikuwa vinalegea au vinabana hadi meno yanahusika kuvitoa. Siku hizi tofauti unaihisi zaidi kwenye ekseli na pini, ambazo mara nyingine ni ngumu kuingia na kidole gumba kinauma hadi kesho. Unalipia kwenye usukani. Kwenye baadhi ya magari yao usukani ni kulia kabisa, katikati, au kushoto kabisa, hakuna kona ya upole. Kabla ya kununua tafuta video ya mtu akiliendesha gari hilo hilo, uangalie magurudumu ya mbele tu: yanakwenda polepole au yanaruka?

Unalipia pia baadaye, kwenye spea. Kipande cha Lego kikipotea au kuvunjika, unaingia BrickLink, soko la vipande ambalo Lego wenyewe walilinunua 2019, unatafuta kwa namba yake na unanunua kimoja. Betri ya Mchina ikifa baada ya miaka miwili, unategemea kama yule muuzaji bado yupo na bado anauza betri ya umbo lile. Dawa yangu ni nyepesi: nikiagiza gari, naagiza na betri ya pili siku hiyo hiyo.

Kuhusu kusafiri nayo, kwa walio Dubai, Muscat au London wanaobebea wenzao mizigo: betri ya akiba ya lithiamu, kama ilivyo kwa powerbank, inakaa kwenye begi la mkononi, si kwenye begi la kwenda tumboni mwa ndege. Mimi gari zima nasema liingie mkononi, kwa sababu wapakizi wa mizigo hawajui tofauti ya boksi la lego na gunia la viazi.

La zamani la kufufua

Hapa ndipo roho yangu ilipo, kwa hiyo nisikilize kwa tahadhari.

Power Functions ilianza 2007. Tingatinga namba 8275, vipande 1384, lilitoka mwaka huo na rimoti yake. Likaja 9398 mwaka 2012, gari la vilima lenye vipande 1327, XL mbili na mota ya pekee ya usukani, magurudumu yote manne yanasukuma na yote manne yanakata kona. Kisha 2017 likaja 42065, kigari cha minyororo cha vipande 370 tu, rahisi kujenga, kina mota mbili, kila mnyororo na yake. Baada ya hapo mfumo ukaachwa, na plagi za Control+ haziingiliani nazo kabisa. Ndiyo maana yanauzwa na watu wanaohama nyumba, wanaokua, wanaooa.

Rimoti ya mfumo huu ni ya infraredi, mwanga ule ule wa rimoti ya runinga. Lazima rimoti ilione gari. Na jua ni mwanga mkubwa kuliko wote. Nimewahi kumwona mpwa wangu saa saba mchana, uani, jua la utosi, anakimbia nyuma ya kigari cha infraredi ameinama na rimoti kaisogeza hadi karibu igongane nacho, bado kimekaa kimya. "Mjomba, limekufa!" Halijafa. Tulilivuta chini ya mwembe likaondoka. Kwa nchi zetu hiki si kijikasoro. Gari hili ni la kivulini na la jioni.

Lakini tazama unachokipata. Plagi za Power Functions zinapandana kama vitofali, mota mbili au tatu kwenye tundu moja. Nyaya ni nne tu na fundi yeyote wa redio anazielewa. Mota za kusukuma hazina akili ndani, kwa hiyo hazina cha kukataa. Ukiondoa kipokezi cha infraredi na kuweka kitu cha kisasa mahali pake, gari la 2012 linaendeshwa juani kwa bluetooth.

Vitu vya kisasa viwili vinavyojulikana ni SBrick, ya Wahungari, na BuWizz, ya Waslovenia. SBrick ina njia nne na inapanda juu ya boksi la betri ulilo nalo, kwa hiyo betri zako za AA zinaendelea. BuWizz ina betri yake ya kuchaji ndani, na inaweza kuvuka volti 9 ambazo mota zilizoea. BuWizz 3.0 ina matundu manne ya plagi mpya na mawili ya plagi ya zamani, ndiyo daraja pekee ninalolipenda kati ya vizazi hivi viwili. Si rahisi kibei. Gari kuukuu pamoja na BuWizz linaweza kukugharimu kama Control+ jipya, hesabu hiyo uifanye kabla hujaanza kuota.

Ukinunua kuukuu, fungua mlango wa betri kabla ya kufungua pochi. Nilishauziwa moja na mtu mwenye maneno matamu sana, boksi safi, stika zimenyooka. Kufika nyumbani, ndani ya kisanduku kuna unga wa kijani na mabati yameliwa. Betri zilisahauliwa humo miaka. Siku hizi nakwenda na betri zangu sita mfukoni, najaribu kila mota mbele na nyuma, naisikiliza. Mota nzima ina sauti moja. Mbovu inakwaruza, au inazunguka upande mmoja vizuri na upande wa pili inajivuta.

Kwa anayependa kuona kwa pamoja:

| | La simu | La Kichina | Kuukuu |
|---|---|---|---|
| Unaendesha kwa | simu, bluetooth | rimoti ya vijiti, redio | rimoti, infraredi |
| Umeme | AA sita, au ya kuchaji kwenye 42176 | lithiamu, USB | AA sita kwa kawaida |
| Juani | halina neno | halina neno | linagoma |
| Spea | rahisi kupata | bahati | zipo, za mtumba |
| Kulibadilisha | wastani | wastani | tamu |

Ukianza kulifungua

Kila mtu akishaendesha wiki moja anasema sentensi moja: linatembea polepole. Na kila mtu anafanya kosa moja, anaongeza nguvu ya umeme.

Anza na hesabu. Kwa volti 9 bila mzigo, XL ya zamani inazunguka kama mara 220 kwa dakika, L kama 390. Chukua tairi la milimita 81.6, mzunguko wake mmoja ni sentimita 25 na ushee. XL ikifungwa moja kwa moja kwenye tairi hilo inakupa kama kilomita 3.4 kwa saa, mwendo wa mtu anayetoka msikitini anaongea na jirani. L inakupa 6. Lakini XL inazungusha kwa nguvu zaidi ya mara mbili ya L. Huwezi kupata vyote. Gia ya meno 8 ikiiendesha ya meno 24, spidi inagawanywa kwa tatu na nguvu inazidishwa karibu na tatu. Ukigeuza, ni kinyume chake. Gari la sakafuni peleka kwenye L. Gari la kupanda mawe peleka kwenye XL na uwe na subira.

Sasa, kosa la pili, na hili lilinifundisha kwa gharama. Nguvu hiyo iliyozidishwa inapita kwenye nini? Inapita kwenye ekseli za plastiki nyembamba kama penseli na viungo vinavyokunjika. Nilijenga gari la kupanda ngazi, nikapunguza mwendo karibu na mota, nikafurahi. Ngazi ya kwanza likapanda. Ya pili, mota inalia, magurudumu yamesimama. Nilipoichomoa ekseli ndefu ya katikati ilikuwa imejisokota kama kamba ya katani, na haikutoka kwenye gia mpaka koleo lilipoingia kazini.

Dawa ni kuhamisha upunguzaji hadi kwenye gurudumu. Acha shafti ya katikati izunguke haraka bila nguvu nyingi, halafu gia za mwisho, pale pale kwenye tairi, ndizo zipunguze mwendo na kuzaa nguvu. Shafti inabeba kidogo, kiungo hakivunjiki. Hiyo ndiyo siri ya 42099: vitovu vya magurudumu yake vina gia za sayari ndani, yaani gia ndogo zinazoizunguka ya katikati, na ndilo gari lililovileta Technic. Vitovu hivyo vinauzwa peke yake kwa vipande. Kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu cha kuboresha gari la vilima, nunua vinne hivyo kabla ya BuWizz. Nasema hivi nikijua wauza BuWizz hawatanipenda.

Halafu difu, ile gia inayoruhusu gurudumu la kulia na la kushoto yazunguke kwa mwendo tofauti. Difu inasaidia kukata kona kwenye sakafu, lakini kwenye mawe gurudumu moja likiwa hewani ndilo linalozunguka, lililokanyaga linapumzika. Ukijenga cha vilima, toa difu weka ekseli nzima. Kitakata kona kwa shida. Ndiyo bei yake. Lori la Zetros, 42129, linakwepa mtego huo kwa kufunga difu kwa amri ya simu, na hiyo ni sehemu ya sababu lina vipande 2110 na bei ya kukaa chini kwanza.

Sauti ya tak-tak-tak ni gia zinarukiana. Si kwamba zimekwisha. Fremu inapinda, gia zinaachana kwa unywele, jino linateleza. Zifungie gia pande zote mbili, ekseli ipite kwenye boriti kushoto na kulia, na sauti itakoma. Ukiendelea kuendesha hivyo hivyo, meno yanalika kweli, na hapo tena huna fremu ya kulaumu.

Volti za ziada ziwe mwisho. Mota za Lego zina kinga ya joto. Zikizidiwa zinakata umeme zenyewe na kurudi baada ya dakika chache. Hiyo ni onyo. Watu wanaichukulia kama hitilafu na kutafuta njia ya kuiruka. Usiiruke.

Na wenye Control+ wanaochukia kioo cha simu wana njia mbili. BrickController 2 ni programu ya simu inayokuruhusu kushika pedi ya gemu ya bluetooth, simu ikabaki mfukoni kama dalali kati ya pedi na gari. Inaongea pia na SBrick na BuWizz. Nyingine ni Pybricks, unayobadilishia programu ya ndani ya boksi la betri kupitia kompyuta, unaandika mistari michache ya Python, lugha ya kuandikia programu, kisha rimoti ndogo ya Lego namba 88010 inalikubali gari bila simu kabisa. Ukichoka unaweza kurudisha programu ya awali. Kwa mtoto wa sekondari mwenye kompyuta, hiyo Pybricks peke yake ni sababu ya kuchagua Control+ badala ya Mchina.

Mchanga wa pwani nautaja mara moja tu: usilipeleke gari ufukweni. Chembe zinaingia kwenye mota na kwenye vitovu, chumvi inamalizia. Na likianza kukwaruza usilitie oili ya cherehani. Oili inakusanya vumbi na baadhi zinaipasua plastiki hii nyufa ndogo ndogo.

Nilichomjibu shemeji

Mtu mzima anayetaka kujenga na kubomoa kila Jumapili, na hana haraka, nitampeleka kwenye kuukuu, aanze na 42065 au 9398 akiipata na mabati ya betri mazima. Kijana anayejifunza kompyuta, Control+, na nitamshauri 42099 ya mtumba kabla ya jipya lolote. Anayetaka kumwona mtoto anaendesha siku hiyo hiyo jioni, bila simu ya mtu, na uwanja wake una jua, ni Mchina mwenye rimoti.

Mama wa mtoto wetu anaondoka na simu asubuhi. Uani kwao hakuna hata mpapai. Nikamwandikia: "Beba la rimoti. Hakikisha ni CaDA au Mould King, waombe betri ya pili, na lisiingie kwenye begi kubwa."

Akajibu kwa kidole gumba, na kesho yake akatua nalo mkononi.

Jumamosi iliyopita nilipigiwa kwa simu yake, lakini aliyezungumza ni kijana mwenyewe. "Baba mkubwa, shikamoo. Gari likipanda kwenye ngazi ya jikoni linapiga tak-tak-tak. Nimelifungua, kuna boriti moja nilisahau kuiweka. Niirudishe, au niache hivi hivi lakini niendeshe pole pole?"

Nikamwambia alizime, asilirudishie kwanza, aje nalo Jumapili na vile vitofali vyote vilivyobaki kwenye boksi.